Rubani Hodari Hukubali Kusahihishwa

Abiria wengi hudhani kwamba kapteni ndiye anayerusha ndege, na yule anayeketi kulia kwake ni wa akiba tu, endapo mkubwa ataugua. Sivyo. Wote wawili ni marubani kamili. Katika kila safari mmoja hurusha ndege, na mwenzake huzungumza na waongozaji wa ndege, husoma orodha ya ukaguzi na kufuatilia kila hatua ya anayerusha. Safari inayofuata hubadilishana. Uamuzi wa mwisho ni wa kapteni, lakini wajibu wa kusema "hapana" ni wa wote wawili.

Utaratibu huo ulipatikana kwa gharama ya maisha ya watu. Tarehe 27 Machi 1977, ukungu ulitanda kwenye uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, Hispania. Kapteni wa shirika la ndege la KLM, Jacob van Zanten, aliyekuwa mkuu wa mafunzo ya Boeing 747 katika shirika lake, alianza kuikimbiza ndege ili iruke kabla ya kuruhusiwa. Injinia wa ndege, aliyekuwa nyuma yake, aliuliza kama ndege nyingine, ya shirika la Pan Am, ilikuwa imeshatoka kwenye njia ya kurukia. Kapteni akajibu kwa uhakika kwamba imeshatoka. Injinia hakubisha. Ndege hizo mbili zikagongana, watu 583 wakafa. Mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo.

Baada ya msiba huo na mingine ya aina yake, mwaka 1981 shirika la United Airlines la Marekani lilianzisha mafunzo ya ushirikiano kwa marubani wake, na leo mafunzo hayo ni lazima duniani kote. Kwetu sisi tuliolelewa tusimkosoe mkubwa, hapo ndipo penye ugumu. Rubani kijana hufundishwa kutaja anachokiona, kupendekeza la kufanya, na asipojibiwa ilhali hatari inakaribia, kushika usukani mwenyewe. Kapteni naye hufundishwa kushukuru.

Chukua mfano wa kutua. Ndege iliyo mawinguni ikifika futi 1,000 juu ya uwanja, mwendo wake, mteremko na magurudumu vinatakiwa viwe tayari vimekaa sawa. Kama kimoja kina kasoro, anayefuatilia hutamka, na anayerusha huipandisha ndege tena bila ubishi. Abiria hushtuka, wengine hulalamika. Wangejua, wangewapongeza.

Kusahihishwa huko huanza tangu chuo cha urubani. Viwango vya kimataifa vinadai angalau saa 40 za kuruka kwa leseni ya rubani binafsi, 200 kwa leseni ya biashara, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa, na 1,500 kwa leseni ya juu anayohitaji kapteni wa shirika. Hata ukiipata, hupumui. Mara mbili kwa mwaka unaingia kwenye mtambo wa kuigiza urukaji, injini inazimwa, moto unawashwa, na mkaguzi anakutazama. Daktari anakupima kila mwaka, na ukivuka miaka 60, kila miezi 6. Ukitimiza 65, safari za kimataifa za abiria zimekwisha.

Ukihamia aina nyingine ya ndege, unarudi darasani. Irene Koki Mutungi aliingia Kenya Airways mwaka 1993, akiwa mwanamke wa kwanza kuwa rubani wa shirika hilo. Ilipofika 2014, akiwa tayari kapteni mzoefu, alifuzu upya na kuwa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787.

Mzazi mwenye mtoto anayeitamani kazi hii, mpeleke kwanza kwa daktari anayetambuliwa na mamlaka ya usafiri wa anga, kabla ya kulipa ada ambayo ni kubwa mno. Msimamie katika hisabati na fizikia. Kisha mtazame anapoambiwa amekosea: kama husikiliza na kurekebisha, ana msingi ambao chuo kinaweza kujengea.