Neno Moja Lilinifutia Shairi

Majuzi nilipotewa na shairi la beti kumi na mbili. Si moto, si maji, wala si mwizi. Ni neno moja tu.

Nilikuwa mbele ya tarakilishi, nimetunga mpaka kaditama. Kidole kikateleza, pakazuka kijisanduku chenye maneno mawili: Futa na Rejea. Kwetu safari hufutwa, mkutano hufutwa, na ubao nao hufutwa. Nikadhani naifuta ile amri niliyoikosea. Nikabonyeza Futa. Lahaula! Kumbe nimelifuta shairi. Lau pangeandikwa Ghairi, nisingepotea.

Msiba huu si wangu peke yangu. Huko Marekani katika miaka ya 1970, maabara ya Xerox ilikuwa na programu ya kuandikia iitwayo Bravo. Ndani yake kila herufi ilikuwa amri. Aliyesahau akapiga neno la Kiingereza edit, aliona maajabu: e ilichagua waraka wote, d ikaufuta, i ikasema tia maandishi, na kilichotiwa ni t peke yake!

Bwana mmoja hapo, Larry Tesler, aliyefariki mwaka 2020, aliichukia hali hiyo. Yeye na mwenzake Tim Mott walitengeneza programu ya Gypsy, wakatumia majina ya kazi ya mkasi na gundi: kata, nakili, bandika. Baadaye, katika tarakilishi ya Lisa iliyotolewa na Apple mwaka 1983, kazi hizo zilipewa X, C na V, vibonye vinavyopakana. X ni kama alama ya kukata neno. C ndiyo herufi ya kwanza ya jina la kunakili kwa Kiingereza.

Je, sisi tuweke N ya Nakili na B ya Bandika? Sioni haja. N hufungua waraka mpya, B hukoleza wino, tutazua fujo. Vidole vimekwisha zoea. Bali majina yachaguliwe na wajuao lugha, kila kazi na kitenzi chake.

Hifadhi, kwa mfano, ni jina zuri. Tulilijua tangu chuoni, tulipohifadhi vichwani. Kwa mazoea hayo nimezikumbuka beti tisa. Tatu zimekwenda na Futa.