Fahamu: Kuzamia Ziwa Nyasa ukiwa na maumivu ya mgongo na magoti
Majini uzito hupungua, na pingili za mgongo zilizochakaa hupata nafuu. Taabu iko nchi kavu: mtungi wa hewa una kilo zaidi ya 12. Uvalie majini, na usione haya kusaidiwa.

Kinachonitia hofu zaidi ni safari ya kurudi. Mbamba Bay, kando ya ziwa, iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Songea inapita 1,000, na barabara hupanda milima ya Mbinga. Ukipanda mapema, naitrojeni iliyobaki mwilini huweza kufanya viputo na kuumiza viungo. Subiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, 18 baada ya kadhaa. Bega likiuma baadaye, usisingizie uzee. Wahi hospitali, useme ulizamia kwa mtungi.