Mlima uko mlangoni mwako, mbona hujaufika?

WAHENGA walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Kama unashuku msemo huu, mpenzi msomaji, simama asubuhi moja kwenye kituo cha matatu mjini Embu, Chuka au Meru, kisha waulize watu kumi wanaosubiri gari swali moja tu: Je, umewahi kuufika Mlima Kenya?

Wote watakuonyesha mlima ulipo. Watakwambia hata dalili zake, kwamba ukionekana wazi alfajiri siku itakuwa kavu, na ukijifunika mapema uchukue mwavuli. Lakini aliyeingia katika mbuga yenyewe utamtafuta sana. Wengi watakujibu kwa kicheko kwamba mambo ya kupanda milima ni ya Wazungu wasio na shamba la kulima.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wao. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliutazama mlima huo kila asubuhi akinawa uso, na hakuwahi kufikiria kwamba unaweza kutembelewa. Alipoamua hatimaye kwenda, alikwenda vibaya, na nusura agharimike. Ndiyo sababu leo tunakualika uende, lakini tunakuomba uende kwa akili.

Kwanza, ujue unachokitazama. Mlima Kenya ni wa pili kwa urefu barani Afrika baada ya Kilimanjaro. Kilele chake kirefu, Batian, kina mita 5,199, na jirani yake Nelion ana mita 5,188. Hivyo viwili ni vya wataalamu wa kamba na mwamba. Cha tatu, Lenana, kina mita 4,985, nacho hupandwa kwa miguu tu na mtu yeyote mwenye afya na subira. Vyote vitatu vilipewa majina ya viongozi wa dini wa Wamaasai.

Wameru huuita mlima huu Kirimara. Waembu na Wakikuyu huuita Kirinyaga, kila mmoja kwa lafudhi yake. Wazee wetu waliomba wakiuelekea, kwa maana waliamini kwamba Mungu hukaa huko juu.

Desemba 1849 mmishonari Johann Ludwig Krapf aliuona akiwa Ukambani, akaandika kwamba una theluji. Wasomi wa Ulaya walikataa kusadiki: theluji gani katika nchi ya ikweta? Walisubiri mpaka 1883 Joseph Thomson alipoushuhudia. Na 1899 Halford Mackinder alifika Batian pamoja na viongozi wawili wa milima, César Ollier na Joseph Brocherel.

Baadaye misitu hiyo hiyo iliwaficha wapiganaji wa Mau Mau, akiwemo Musa Mwariama wa Meru. Na usiku wa uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao na wenzake walikuwa huko juu kwenye baridi wakipandisha bendera ya Kenya. Kwa hivyo anayesema mlima huu ni wa Wazungu hajui historia yake mwenyewe.

MILANGO YAKO

Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya ilianzishwa 1949, ina takriban kilomita 715 mraba, na 1997 iliorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia. Miongoni mwa njia mashuhuri kwa watalii ni ya Naro Moru, upande wa Nyeri. Lakini wewe wa upande wa mashariki na kaskazini huna haja ya kuuzunguka mlima.

Njia ya Chogoria huanzia mji mdogo wa Chogoria, kandokando mwa barabara ya Embu kwenda Meru. Ukiacha mashamba ya chai unaingia msituni, kisha katika mianzi mirefu inayofunga njia pande zote. Ni mwendo wa takriban kilomita 30 hadi lango la mbuga, lililo karibu mita 2,950 juu ya bahari. Wengi hukodi gari lenye nguvu, kwa sababu mvua ikinyesha barabara hiyo hugeuka kuwa uji.

Juu ya lango msitu unaisha na unaona nyasi za baridi, Ziwa Ellis, na maporomoko ya Mto Nithi. Mbele zaidi liko bonde refu lenye kuta za mawe, na chini kabisa Ziwa Michaelson limetulia kama kioo. Waliozoea njia zote husema hii ndiyo inayopendeza kuliko nyingine, na mwandishi hana ubishi nao.

Njia ya Sirimon iko kaunti ya Meru, ukitokea barabara ya Meru kwenda Nanyuki. Lango lake liko mita 2,650. Upande huu haupati mvua nyingi kama Chogoria, na njia hupanda polepole: kituo cha Old Moses kiko mita 3,300, na kile cha Shipton kiko mita 4,200. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, huu ndio mlango wa busara.

Wa Embu nao wana msitu wa Irangi, juu ya mashamba ya majani chai, ambako unaweza kutembea chini ya miti mikubwa ukisikiliza mbega wakirukaruka bila kujitia katika shughuli ya kukwea kilele.

Katika safari utaona tembo au kinyesi chao kibichi njiani, nyati, na huko juu pimbi wanene wasioogopa watu. Utaona pia mimea ya lobelia inayopita kimo cha mtu, inayofunga majani yake usiku kujikinga na baridi kama mtu anayejifunika blanketi.

HARAKA HAINA BARAKA

Sasa tusikilizane vizuri, kwa maana hapa ndipo watu hupotelea.

Mwandishi na wenzake waliondoka Chogoria Ijumaa, wakakusudia kuwa kileleni Jumapili alfajiri na kazini Jumatatu. Walikuwa vijana wenye nguvu. Waliona kwamba aliyezaliwa mlimani hawezi kushindwa na mlima.

Walipofika kambi ya Mintos, karibu mita 4,300, mwandishi alikuwa na kichwa kinachogonga kama kinu. Chakula kilimchukiza. Usiku hakupata usingizi, na alipotoka nje aliyumba kama mlevi ilhali hakuwa ameonja kitu. Alitaka kuendelea, asije akachekwa nyumbani. Kiongozi wao, mzee wa Chogoria mwenye maneno machache, hakubishana naye. Alimfungia mzigo, akamshika mkono, wakateremka usiku ule ule kwa mwanga wa tochi. Walipokaribia lango kichwa kilikuwa kimetulia na njaa imerudi. Ndipo mzee alipomweleza kwamba wapo aliowahi kuwateremsha wakiwa wamebebwa, na si wote walioamka.

Kilele cha Lenana kina zaidi kidogo ya nusu ya hewa unayopumua Mombasa. Mwili huweza kuzoea upungufu huo, lakini hudai siku kadhaa. Usipoupa siku hizo, unapata maradhi ya mwinuko. Huanza kwa kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kukosa usingizi. Yakizidi, maji huingia mapafuni na mgonjwa hukohoa na kutweta hata akiwa amekaa. Au ubongo huvimba, akaanza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka. Hapo asiposhushwa haraka hufa.

Sikiza jambo ambalo wengi hawalijui: nguvu za ujana hazikukingi. Kuzaliwa Meru au Embu hakukukingi. Mwanariadha anaweza kulala chini huku shangazi yake mnene anayetembea polepole akifika juu salama.

Dawa ni tatu. Ukishapita mita 3,000, usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko ulivyolala jana, na pale ambapo vituo havikuruhusu hivyo, ongeza usiku mmoja wa kupumzika. Ukiumwa na kichwa, usipande zaidi mpaka kiishe. Na hali ikizidi, teremka, hata kama ni usiku, hata kama umebakisha saa moja kufika kileleni. Kilele hakihami.

Kwa njia ya Chogoria basi, lala usiku wa kwanza langoni, wa pili Ziwa Ellis, wa tatu na ikiwezekana wa nne karibu na Ziwa Michaelson, ndipo ukwee Lenana. Usikubali kuuziwa safari ya siku mbili kwa kuwa ni rahisi. Pesa utakazookoa hazitoshi gharama ya jeneza.

UKIFUNGA SAFARI

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Epuka masika. Chukua nguo nzito zinazopangwa moja juu ya nyingine, koti la mvua, kofia ya sufu, glavu, buti zilizozoea miguu yako, tochi, na mfuko mzito wa kulalia, kwa maana huko juu maji huganda usiku. Suruali ya jeans iache nyumbani. Ikilowa haikauki na baridi yake ni adui.

Kupanda peke yako hakuruhusiwi. Tafuta kiongozi na wapagazi wa hapo mlimani wanaotambuliwa na Shirika la Wanyamapori Nchini (KWS), ili malipo yako yabaki katika vijiji vinavyoutunza mlima. Ada za kuingia hulipwa kwa mtandao wa serikali, na mwananchi hulipa sehemu ndogo tu ya kiasi anacholipa mgeni. Uliza viwango kabla ya kuondoka, na usisahau kitambulisho.

Kama una watoto wadogo, huna haja ya kilele. Wapeleke Irangi wakaone msitu, au Sirimon watembee karibu na lango, mle chakula mlichobeba, mrudi jioni. Watakumbuka siku hiyo kuliko soda na chipsi za mjini.

KWA NINI UENDE SASA

Watafiti waliopima barafu ya Lewis, kubwa kuliko zote mlimani, walikuta kwamba kati ya 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Tangu hapo imeendelea kusinyaa. Ile theluji iliyowafanya wasomi wa Ulaya wabishane inaondoka, na huenda mjukuu wako akahadithiwa tu.

Hata hivyo, jambo kubwa zaidi liko chini ya barafu. Watu wengi hudhani mito yetu ni barafu iliyoyeyuka. Kwa hakika sehemu kubwa ya maji hutokana na mvua inayonaswa na msitu. Rupingazi ya Embu, Thuci, Nithi na Kathita ya Meru zote huteremka hadi Tana, ambako yako mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yanayozalisha umeme, kisha maji yakaendelea hadi Bahari Hindi.

Msitu huo uliwahi kuponea chupuchupu. Uchunguzi uliofanywa na KWS kutoka angani 1999 ulikuta miti ya thamani ikikatwa, makaa yakichomwa na mashamba ya bangi yakistawi ndani yake. Ua wa umeme ulianza kujengwa 2012 kuwatenganisha tembo na mashamba. Lakini ua pekee hautoshi. Mtu hulinda kitu anachokijua, na asiyewahi kuuona msitu ni rahisi kumwamini anayemwambia kwamba hauna faida.

Mwandishi alirudi mwaka uliofuata, akachukua siku tano. Alifika Lenana jua likichomoza, na alipotazama upande wa mashariki aliona mabati ya vijiji yakimetameta mbali chini, na kati yao, pengine, bati la nyumba yao. Alikumbuka zile asubuhi zote alizonawa uso pale chini akiutazama mlima.

Kesho ukiamka, ufungue mlango. Kama mawingu yamekubali, mlima uko pale pale. Usiishie kuutazama.