Shilingi ya asubuhi inamnunulia nini mtoto wako?



Ndugu msomaji, leo tuzungumze jambo linalofanyika kila asubuhi katika nyumba zetu, hapa Tumbe na kwengineko. Mtoto ameshavaa sare, mkoba begani, amesimama mlangoni amenyoosha mkono. Mama ana haraka. Baba amerudi baharini alfajiri na amelala. Inatolewa shilingi mia tano, mtoto anakwenda zake skuli. Mambo yameisha.

Hebu tuulizane: shilingi ile inanunua nini?

Siku moja mama mmoja alimleta kituoni mwanawe wa kiume wa miaka tisa. Alisema, "Dokta, huyu mtoto kawa mvivu. Skuli analala, chuoni analala, na wenzake wakicheza mpira yeye hukaa pembeni." Nilimtazama ndani ya kope, nikamtazama viganja. Vyote vilikuwa vyeupe. Tulipompima damu tukaona ni ndogo mno, na kipimo cha choo kikaonesha minyoo ya safura. Mtoto hakuwa mvivu. Alikuwa hana damu ya kumwezesha kukimbia wala kuhifadhi sura yake.

Nikamuuliza mama, mtoto anakula nini? Asubuhi chai ya rangi na andazi. Skuli hununua barafu ya rangi na kripsi za pakti. Mchana wali na mchuzi kidogo. Jioni chai tena. Mama huyu hakuwa mzembe, wala hakuwa bahili. Kila siku alitoa fedha. Lakini fedha ile ilinunua sukari, chumvi na rangi, na hakuna hata kimoja katika hivyo kinachotengeneza damu.

Tupige hesabu

Chukua nyumba yenye watoto watatu wa skuli, kila mmoja akipewa shilingi 500. Kwa siku ni 1,500. Kwa siku tano ni 7,500. Kwa wiki nne ni 30,000. Hiyo bado hujahesabu ya chuoni. Sasa jiulize, fedha hiyo ingeleta kunde kiasi gani, karanga kiasi gani, dagaa kiasi gani? Na sisi watu wa Tumbe dagaa tunawaona wanaanikwa mbele ya macho yetu, wanapakiwa kwenye magunia na kusafirishwa mbali, huku watoto wetu wakila kripsi.

Vitafunio vitatu vya nyumbani

Kwanza, badia za kunde na dagaa. Roweka kunde usiku kabla ya kulala. Maji yatafanya kazi wewe umepumzika. Alfajiri zifikiche zitoke maganda, zitwange au zisage, utie kitunguu na kitunguu thomu. Chukua dagaa wakavu, watoe vichwa, waoshe kwa maji ya moto ili chumvi ipungue, wakaushe kwenye chungu bila mafuta, kisha watwange wawe unga. Vijiko viwili au vitatu vya unga huo changanya na kunde. Badala ya kuzamisha kwenye mafuta mengi, paka mafuta kidogo kwenye kikaango uzipike kama vichapati. Mafuta yatabaki, na mtoto atakula dagaa bila ya kujua.

Pili, muhogo, kiazi kitamu au shelisheli la kuchemsha. Menya, kata vipande vidogo ili viive upesi na makaa yasiende bure, chemsha vizuri. Vinyunyizie karanga zilizotwangwa na ukamulie ndimu. Muhogo mchungu usipewe mtoto kwa namna hii, kwani una sumu na unahitaji kutayarishwa kwa njia yake.

Tatu, kashata ya karanga au ufuta yenye sukari ya kugandisha tu. Karanga zilizoota ukungu, zilizosinyaa au zinazouma kwa uchungu zitupe, usimpe hata kuku. Ukungu huo hutoa sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu huko Dodoma na Manyara. Mtoto chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, huweza kumkaba. Mtwangie.

Na ukipata uwele, usiudharau. Wachimbaji wa mambo ya kale waliochimba hapa Tumbe walikuta punje za uwele walizokula wakaazi wa zamani, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kabla ya mpunga kutawala sahani zetu. Uji wa uwele wenye tui unamshibisha mtoto, na una madini ya chuma mengi kuliko mchele mweupe.

Chai iondoke, tunda liingie

Hapa ndipo penye siri ambayo haigharimu hata senti. Kunde na uwele vina madini ya chuma ambayo mwili hutengenezea damu. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula huyazuia madini hayo yasiingie mwilini. Kinyume chake, ndimu, chungwa, pera, embe na ubuyu huyasaidia kuingia. Samaki na dagaa nao husaidia hivyo hivyo. Kwa hiyo mtoto ale badia zake na kipande cha pera au maji ya ubuyu usiotiwa rangi. Chai, kama ni lazima, ingoje saa moja baada ya kula.

Usafi ni nusu ya chakula hiki

Kitafunio cha nyumbani kilichoshikwa kwa mikono michafu hakina tofauti na cha barabarani. Hatujasahau kipindupindu cha 2015 na 2016 hapa Zanzibar, hata skuli zikafungwa. Osha mikono kwa sabuni, si maji matupu, ukitoka chooni na kabla ya kukanda. Maji ya kunywa na ya ubuyu yachemshwe. Chuoni tulifundishwa kufunika vyombo na chakula usiku. Mwenye kuishika sunna hiyo amejikinga na nzi, mende na panya. Kilichotiwa tui kisilale hadi kesho.

Mfungie mtoto kwenye kibakuli chenye kifuniko kinachooshwa kila siku. Na avae ndara anapokwenda chooni na shambani, kwani minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya miguu. Siku za kugawa dawa za minyoo skuli usimfiche nyumbani.

Tahadhari juu ya dawa za damu

Wapo wazazi ambao wakisikia neno damu hukimbilia duka la dawa. Tafadhalini. Utafiti uliofanywa hapa hapa Pemba, ukachapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, ulionesha kwamba watoto wadogo wa chini ya miaka mitatu waliopewa madini ya chuma na foliki kila siku, mahali palipokuwa na malaria nyingi, waliugua vibaya, kulazwa au kufa zaidi kuliko wasiopewa. Waliopimwa na kukutwa na upungufu wa kweli ndio walionufaika. Funzo ni moja: kipimo kwanza, dawa baadaye. Chakula cha kawaida hakina hatari hiyo.

Ukiona mtoto anachoka upesi, moyo unakwenda mbio, viganja vimekuwa vyeupe, au anatafuna udongo na mchele mbichi, mlete kituoni. Badia hazitibu safura. Zinasaidia damu isipungue tena baada ya tiba.

Nani afanye?

Najua utasema, dokta, muda sina. Basi tugawane. Jumamosi kaangeni karanga na kausheni dagaa wa wiki nzima, mtie kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Watoto wakubwa wachambue kunde. Na wewe baba, ukitoka dikoni bakisha kibaba cha dagaa kwa nyumba yako kabla ya kuuza vyote. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiwasaidia wakeze kazi za nyumbani, sisi ni nani tuone haya kutwanga?

Sisemi tuwahame wauzaji wetu. Wengi ni mama wanaolea watoto wao. Anayeuza muhogo na badia safi, zilizofunikwa, tumuunge mkono. Aone kwamba badia zinanunuliwa kuliko barafu ya rangi.

Yule mtoto wa miaka tisa alipewa dawa ya minyoo na ya damu, na mama yake akaanza kumfungia muhogo na dagaa. Baada ya miezi mitatu alirudi kupimwa. Nilipotoka nje baadaye nilimkuta anawafukuza wenzake uwanjani, mama yake anamwita na yeye hasikii.

Wabillahi tawfiq.