Saiwa, Mbuga Iingiwayo kwa Miguu

Katika mbuga nyingi za taifa nchini Kenya mgeni hukatazwa kushuka garini, ila mahali palipotengwa maalum. Kwa sababu hiyo watu wengi wasio na magari huona kwamba kutazama wanyama ni jambo la wageni wa ng'ambo na la matajiri. Lakini karibu na mji wa Kitale, katika Trans Nzoia, iko mbuga moja ambayo desturi yake ni kinyume kabisa. Magari huachwa langoni, na kila aingiaye, awe mkubwa au mdogo, huenda kwa miguu yake mwenyewe. Mbuga hiyo ni Saiwa.

Ni mbuga ndogo kupita mbuga zote za taifa katika Kenya. Eneo lake halizidi kilometa 3 za mraba, yaani kiasi cha ekari 700 hivi, na katika Trans Nzoia yalikuwako mashamba ya mahindi ya mtu mmoja yaliyokuwa makubwa kuliko hiyo. Msafiri atokaye Kitale hushika barabara ya Kapenguria, na baada ya mwendo wa kilometa 20 hivi huiacha barabara kuu akaelekea upande wa Kipsaina mpaka langoni. Asiye na gari hupanda matatu, kisha pikipiki, au humaliza safari kwa miguu, kwa kuwa hata hivyo kutembea ndiko alikojia.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini Serikali ikatenga mbuga kwa ajili ya kipande kidogo namna hii, tena chenye matope? Jibu lake ni mnyama mmoja, nzohe. Ni kwa ajili yake mbuga hii ilianzishwa mwaka wa 1974. Nzohe ni wa jamii moja na pongo na tandala, lakini maisha yake yote ni ya majini. Kwato zake ni ndefu, nazo hutanuka akanyagapo, hata akaweza kupita juu ya matope na mizizi ya mafunjo mahali ambapo ng'ombe angezama mpaka tumboni. Juu ya nchi kavu kwato hizo humletea taabu, akakimbia vibaya, na mbwa wawili watatu waweza kumshika. Basi akiona hatari hakimbilii nchi kavu bali maji. Huzama akabakiza pua tu juu, akatulia mpaka adui apite. Manyoya yake ni marefu, tena yana mafuta yasiyopitisha maji upesi. Dume ndiye mwenye pembe, nazo zimejipinda. Jike hana, na rangi yake huelekea wekundu.

Kwa habari hizi msomaji ataona mara moja shida ya nzohe ilivyo. Mnyama wa nyika, malisho yakikauka, huhama. Nzohe hawezi kuhama. Kinamasi kikikauka hana mahali pa kwenda, maana pande zote ni mashamba ya watu.

Ndani ya mbuga zimefanywa njia za miguu kando ya kinamasi, na mahali pa matope zimetandikwa mbao ili mgeni avuke bila kuloa. Yako pia majukwaa ya mbao yaliyojengwa juu miongoni mwa miti, ambayo mtu hupanda kwa ngazi, akaketi akitazama mafunjo chini yake. Kuketi ndiyo kazi yenyewe. Nzohe hutoka kulisha alfajiri na jioni, na mchana hujificha. Basi ajaye saa sita akapiga kelele na wenzake, akarudi nyumbani akisema hakuna kitu, asilaumu mbuga. Ajaye saa kumi na mbili asubuhi, akapanda jukwaani na kunyamaza, mara nyingi huona mafunjo yakitikisika, kisha kichwa.

Hata asipoonekana nzohe, safari haiwi bure. Katika miti ya ukingoni wako mbega, na yuko kima mwingine asiyeonekana mahali pengi katika Kenya, mwenye ndevu nyeupe ndefu na kipaji cha rangi ya machungwa. Watu humwita kalasinga, na aliyepata kuwaona Wasingasinga na ndevu zao hahitaji kuelezwa jina hilo limetoka wapi. Ndege nao ni wengi mno. Mmoja ajulikanaye ni korongo mwenye taji, yule aliye katika bendera ya Uganda. Ndege huyu hutafuta chakula mashambani, akala wadudu na mbegu, lakini kiota chake hukijenga kinamasini katikati ya majani na maji. Shamba peke yake halimtoshi.

Jambo lililo zito zaidi ni maji. Mto Saiwa hauanzii mbugani. Huingia ukitoka nje, ukapita katika mafunjo, kisha huenda kujiunga na maji ya Nzoia yanayoshuka hadi Ziwa Victoria. Kinamasi hufanya kazi kama sifongo. Wakati wa mvua hunyonya maji na kuyazuia yasiende kwa nguvu. Wakati wa kiangazi huyatoa polepole. Tena mizizi ya mafunjo huchuja udongo, maji yakatoka masafi kuliko yalivyoingia. Watu wa chini ya mto hupata faida hii ingawa hawajapata kuliona lango la mbuga. Lakini mkulima wa juu akilima mpaka ukingoni, mvua huteremsha udongo na mbolea, na kinamasi huanza kujaa. Akipanda mikaratusi kando ya mto, miti hiyo hunywa maji mengi sana. Ua wa mbuga hauwezi kuzuia lolote katika hayo.

Si haki, hata hivyo, kumlaumu mkulima peke yake. Mashamba ya huko yamegawanywa yakawa madogo, na ardhi ya bondeni ndiyo isiyokauka upesi. Tena tumbili hawajui mpaka. Huvuka wakala mahindi mabichi, na hasara ni ya mwenye shamba. Pamoja na hayo, wako wakulima wa Kipsaina ambao kwa miaka mingi wamejiunga kuotesha miche ya miti ya asili, kuipanda kando ya maji, na kulinda viota vya korongo nje ya mbuga. Kazi yao yastahili kujulikana zaidi, maana wao ndio walioshika upande ule ambao sheria ya mbuga haifiki.

Mgeni aliye na siku ya pili asiondoke Kitale kabla ya kuona nyumba ya makumbusho iliyomo mjini. Asili yake ni Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya vipepeo, ndege na vitabu, akafungua makumbusho yake mwenyewe mwaka wa 1926, mwaka ule ule reli ilipofika Kitale. Alipokufa mwaka wa 1966 aliwaachia wananchi mkusanyo wake, na makumbusho ya sasa yalifunguliwa mwaka wa 1974. Ndani mna vitu vya kazi na vya nyumbani vya makabila ya magharibi, na uani mna nyumba zilizojengwa kwa mtindo wa zamani. Lakini nyuma yake ndiko kwenye jambo ambalo wapitao barabarani hawalijui: msitu wa asili uliobaki, na njia ya miguu kupita kati yake. Mtoto wa shule aweza kuutembea wote asubuhi moja.

Mwenye nguvu zaidi atakwenda Mlima Elgon, ambako katika pango la Kitum ndovu huingia usiku na kuchimba chumvi ya mawe kwa pembe zao. Huko lazima kufuatana na askari wa mbuga. Kwa Saiwa, mwananchi wa Kenya achukue kitambulisho chake, kwa kuwa kiingilio chake ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje, na kiingilio hulipwa kwa simu. Achukue pia viatu visivyoteleza na koti la mvua, na kama aweza alale karibu na lango, maana atokaye Kitale baada ya jua kuchomoza atamkuta nzohe amekwisha kurudi mafunjoni.