Chakula na Siasa: Nani Anaamua, Nani Anabeba Hasara?

Makada wengi wakiulizwa sera ya chakula ni nini, hutaja mbegu bora, mbolea, matrekta na mvua. Vitu hivyo vina kazi yake, lakini si jibu la swali. Mbegu na mbolea ni nyenzo. Sera ni uamuzi. Sera ya chakula ni uamuzi juu ya nani alime nini, alime wapi, auze kwa nani, kwa bei gani, na akiba ikae wapi. Kila uamuzi wa namna hiyo una mwenye kuutoa, na una mwenye kubeba hasara ukiwa mbaya. Katika historia ya nchi yetu watu hao wawili mara nyingi hawakuwa mtu mmoja.

Hoja ya makala haya ni hiyo tu: anayeamua bila kubeba hasara ataamua vibaya, hata akiwa na nia njema. Tutaipima hoja hii kwa historia yetu wenyewe, pamoja na ile sehemu ambayo Chama chenyewe kilikosea.

1. Urithi wa ukoloni

Ukulima wa amri haukuanza baada ya Uhuru. Serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba katika mashamba ya majumbe. Mkulima aliacha shamba lake la chakula, akavuja jasho katika shamba ambalo faida yake hakuiona. Mwezi Julai 1905 Wamatumbi waling'oa miche ya pamba huko Nandete, na vita vya Maji Maji vikaanza. Wajerumani walijibu kwa kuchoma mashamba na maghala. Waliokufa kwa njaa iliyofuata walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Hapa chakula kilitumiwa kama silaha dhidi ya watu.

Waingereza nao walikuja na mpango wa karanga wa 1947. Huko London ilipangwa kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa kwa meli. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji, na mvua za huko si za kutegemewa. Wagogo waliokuwa wakiishi hapo walizijua mvua hizo na udongo huo kuliko mtaalamu yeyote. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, baada ya kumeza kiasi cha pauni milioni 36.

Katika milima ya Uluguru serikali hiyo hiyo iliwaamuru watu wachimbe matuta ili kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini matuta yalidai kazi nyingi mno, na mahali pengi yalifukua udongo mbovu na kuufukia ule wenye rutuba. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo. TANU, iliyozaliwa 1954, ilipata nguvu vijijini kwa sababu ilisimama upande wa wakulima waliokataa amri za namna hii. Jambo hili kada asilisahau, maana ndilo litakalotuhukumu katika sehemu inayofuata.

2. Siasa ni Kilimo

Azimio la Arusha la 1967 liliweka wazi kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba nchi yetu itajengwa na kilimo. Lilitaja mambo manne yanayohitajika: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Pia lilionya kwamba mikopo inayojenga miji hulipwa kwa mazao ya mkulima, na kwa hiyo mji unaweza kumnyonya mkulima bila hata kujua. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alieleza siasa ya Ujamaa Vijijini, akisisitiza kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kujengwa kwa kulazimisha watu.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwenda mbali zaidi. Ibara ya 15 ilikemea viongozi wenye kiburi, dharau na ukandamizaji. Ibara ya 28 ilitaka wananchi washiriki katika kufikiri, kupanga na kutekeleza maendeleo yao. Ndipo mwezi Mei 1972 Halmashauri Kuu ilipokutana Iringa na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo. Tamko hilo lilitaka mkulima aachane polepole na jembe la mkono na kutumia plau ya kukokotwa na ng'ombe, apande kwa wakati na kwa mistari, atumie samadi, achague mbegu.

Kinadharia msimamo huu ulikuwa sahihi. Kada anayeona kwamba kosa lilikuwa katika siasa yenyewe hajasoma maandiko. Kosa lilikuwa kati ya maandiko na shamba.

3. Amri badala ya elimu

Kuanzia 1973 kuishi vijijini kulikuwa amri, na operesheni ziliendelea hadi 1976. Tuseme ukweli wote. Vijiji vilileta shule, zahanati na mabomba ya maji kwa watu ambao hawakuwahi kuvipata. Lakini mahali pengi watu walihamishwa bila kuulizwa, nyumba zikabomolewa, na vijiji vikapangwa kando ya barabara ili viwe rahisi kufikiwa na gari la kiongozi. Shamba zuri likabaki nyuma, mbali.

Mfano wa Rufiji unafundisha, nao ni wa mapema zaidi. Wakulima wa bonde hilo walikuwa na utaalamu wao. Walipanda mpunga uliosubiri mafuriko. Na maji yalipopungua walipanda mlau, yaani mazao ya unyevu uliobaki ardhini. Walijenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wakikaa humo kulinda mazao yasiliwe na nguruwe na ndege. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, walihamishiwa kwenye ardhi ya juu ili waokolewe na maji. Lakini mafuriko yale yale ndiyo yaliyokuwa mbolea yao. Huko juu udongo ulikuwa wa mchanga, na shamba la bondeni likawa safari ya saa nyingi. Aliyeamua aliona maji tu. Mkulima aliona maji na matope yenye rutuba.

Ukame wa 1973 na 1974 ulitukuta katikati ya uhamishaji. Serikali ililazimika kununua nafaka nyingi kutoka nje, na fedha za kigeni zikaisha. Kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ikaanzishwa. Wako watakaosema kwamba bila amri tungekufa. Hoja hiyo ina uzito: watu walihimizwa kupanda mihogo na mtama, mazao yanayostahimili jua, na taifa halikuangamia kwa njaa. Wakati wa hatari kiongozi lazima atoe amri. Lakini amri ya hatari ikageuka kuwa desturi ya kazi. Sheria ndogo za wilaya nyingi ziliweka idadi ya ekari kwa kila kaya, na asiyetimiza akatozwa faini. Hakuna aliyeuliza kama kaya ile ina watu wangapi wenye nguvu, au kama mama mjane anaweza kulima ekari sawa na kaya yenye vijana watano. Chama kilichozaliwa kwa kupinga matuta kilikuwa sasa kinahesabu ekari.

4. Bei ya mahindi

Tangu katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Nia yake ilikuwa usawa: mkulima wa Rukwa, aliye mbali na reli na bandari, apate sawa na mkulima wa Morogoro. Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, likapewa kazi ya kununua. Vyama vikuu vya ushirika, ambavyo vingine vilikuwa na ubadhirifu mkubwa, vilivunjwa 1976 badala ya kusafishwa.

Matokeo yalikuwa mawili. Kwanza, Rukwa, Ruvuma, Mbeya na Iringa ziliitikia, zikawa ghala la taifa. Hili ni jambo la kujivunia: mkulima aliyepewa bei na mbolea alizalisha bila kusukumwa na mtu. Pili, gharama ya kuyasafirisha mahindi hayo ilibebwa na NMC, na wakati huo huo sembe iliuzwa mijini kwa bei ya chini. Pengo kati ya bei hizo mbili likawa deni benki. Shirika lililoelemewa na deni lilichelewa kuwalipa wakulima, na magunia yakanyeshewa kwenye vituo.

Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta. Bei ya mkulima iliongezwa kwenye karatasi, lakini vitu dukani vilipanda upesi zaidi, na vingi havikuwepo kabisa. Mkulima aliyeuza gunia asipate sabuni wala jembe alifanya hesabu yake. Alilima chakula cha nyumbani, na ziada akaiuza usiku. Sisi tulimwita mlanguzi. Kwa kweli alikuwa akipiga kura juu ya bei yetu, kwa njia pekee tuliyomwachia.

Masahihisho yalikuja. Sheria ya 1982 ilirudisha ushirika, na ruzuku ya sembe iliondolewa 1984. Mwaka huo huo mtu aliruhusiwa kusafirisha nafaka hadi kilo 500 bila kibali badala ya kilo 30, na mwaka 1987 kikomo hicho kikaondolewa. Lakini kada asidhani kwamba soko huria lilimaliza suala. Bei moja ilipokufa, mkulima wa Rukwa aliachwa na barabara yake mbovu na mnunuzi mmoja mwenye lori. Uamuzi ulitoka ofisini ukaenda kwa mfanyabiashara; hasara ilibaki pale pale shambani. Na kila mara mipaka ilipofungwa ili mahindi yasiuzwe nje, mji ulipata unga wa bei nafuu, na aliyelipia unafuu huo alikuwa mkulima.

5. Akiba na dumuzi

Chakula kilichovunwa si chakula kilichopatikana mpaka kifike mdomoni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati alionekana mkoani Tabora. Wataalamu walimwita dumuzi. Wakulima walimwita Scania. Hupenda mahindi yaliyo bado kwenye gunzi, na kwa miezi michache hugeuza sehemu kubwa ya ghala kuwa unga mtupu. Desturi ya wengi ilikuwa kutunza mahindi kwenye magunzi, darini au katika vihenge. Ushauri ukawa: pukuchueni mapema, mchanganye na dawa ya unga.

Ushauri ulikuwa sahihi kisayansi. Lakini kupukuchua mavuno yote kwa mara moja ni kazi kubwa, inawaangukia zaidi akina mama, na inakuja pamoja na kazi nyingine za mavuno. Na dawa isipofika dukani kwa wakati, mkulima huuza mahindi mapema kwa bei ya chini kuliko kuyaona yakiliwa. Miezi sita baadaye hununua mahindi hayo hayo kwa bei ya juu. Hivyo ghala bovu humnyonya mkulima sawasawa na mlanguzi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanza kazi 2008, hulinda akiba ya taifa; akiba ya kaya hulindwa na kihenge kizuri, na kihenge hakina kampeni.

6. Samaki wa nani?

Katika Ziwa Viktoria suala ni lile lile kwa sura nyingine. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wavuvi hawakuulizwa. Katika miaka ya 1980 alienea, akawala furu hadi aina nyingi zikatoweka. Furu na sato walikaushwa juani na akina mama na kuuzwa mpaka vijiji vya mbali. Sangara ana mafuta mengi, hakauki vizuri kwa jua. Anataka moshi, kuni, au barafu.

Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza na Musoma. Nchi ilipata fedha za kigeni na vijana wakapata kazi. Lakini minofu ilikwenda Ulaya, na wengi kando ya ziwa wakanunua mapanki, yaani vichwa na mifupa. Ulaya ilipozuia samaki wetu mwishoni mwa miaka hiyo, mvuvi aliyekuwa na deni la nyavu ndiye aliyeumia kwanza. Sheria ya Uvuvi ya 2003 ilivipa nafasi vikundi vya wavuvi kulinda mialo yao. Ni hatua njema. Kinachobaki ni kuona kama vikundi hivyo vitakuwa na uamuzi kweli, au vitakuwa mgambo wa kuchoma nyavu tu.

7. Kazi ya kada

Kutokana na haya, kada anayekwenda kijijini azingatie mambo manne.

(a) Kabla ya kufundisha, aulize. Mkulima aliyeishi kwa udongo ule ana sababu ya kila anachofanya. Sababu hiyo ijulikane kwanza, hata kama baadaye itapingwa.

(b) Kila lengo la ekari liambatane na jibu la maswali mawili: nani atanunua, na atalipa lini?

(c) Ushirika ubadhirifu ukiingia, wanachama wasaidiwe kuusafisha. Ukivunjwa, mkulima hupoteza chombo pamoja na mwizi.

(d) Katika kila mkutano, aliyeamua na atakayebeba hasara wakae meza moja. Ikiwa hawapo wote, uamuzi usubiri.

Hayo si kulegeza msimamo. Mkulima hana uadui na mipango. Ana uadui na mpango unaomgeuza yeye kuwa jembe. Tamko la Iringa lilisema siasa ni kilimo. Basi anayelima ndiye mwanasiasa wa kwanza katika jambo hili, na kada ni msaidizi wake.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Katika kijiji chako, nani aliamua zao la msimu uliopita, na nani alibeba hasara au kupata faida?
2. Je, bei moja kwa nchi nzima ilikuwa kosa, au kosa lilikuwa katika kuiendesha?
3. Ni wakati gani amri ni halali katika kilimo, na nani aamue kwamba wakati huo umekwisha?