Kauboi na Majaruba ya Kakese

Wapo ndugu wasemao kwamba sinema za kauboi ni upuuzi wa bastola. Mimi sikubali. Shane, iliyotoka mwaka 1953, yahusu wakulima wadogo wanaosumbuliwa na bwana mmoja mwenye ng'ombe wengi ili wahame. Mkulima wa mpunga wa Kakese, huko Mpanda, aliyepata kuona mifugo ikikanyaga majaruba yake, hahitaji mkalimani.

Naam, sheria ya Marekani ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi hadi ekari 160. Je, ekari hizo zilikuwa za nani? Zilikuwa za Wahindi Wekundu, ambao sinema yenyewe, niipendayo mno, yawataja kwa uchache, kama kwa mshale uliomjeruhi begani yule mwenye ng'ombe.